Kutu kwenye gari la zamani: kuitafuta ilikojificha, kuitibu na kuizuia isirudi

Rangi iliyovimba kiasi cha kichwa cha kiberiti juu ya tairi la nyuma huonekana kama kazi ya nusu saa: msasa kidogo, kopo la rangi ya kupuliza, basi. Gari linang'aa. Mvua zikishapita mara kadhaa uvimbe unarudi palepale, na pembeni yake imezuka mingine miwili. Fundi anaambiwa rangi yake mbovu, na pengine rangi haikuwa na kosa lolote. Kutu ile haikuanzia nje. Ilianzia nyuma ya bati, mahali matope na maji yalipokaa muda mrefu bila kupata njia ya kutoka, ikatafuna kuja nje, na ule uvimbe ndiyo siku ilipotokeza.

Kwa hiyo kabla ya kushika msasa, kila doa la kutu liulizwe maswali mawili. Maji yameingilia wapi? Na kwa nini hayakutoka? Ukishayajibu hayo, hata kazi ya rangi ya wastani itadumu. Usipoyajibu, unapaka rangi juu ya tatizo linaloendelea.

Kinachotokea kwenye bati

Chuma kikipata maji na oksijeni kwa pamoja kinashika kutu. Kikikosa kimoja kati ya hivyo viwili, hakishiki. Chumvi huharakisha mambo kwa njia mbili. Kwanza inayafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya bati na nyingine. Pili, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo bati lenye chumvi huweza kubaki na unyevu hata baada ya jua kuwaka siku nzima. Ndiyo sababu magari ya pwani, na yale ya nchi zinazomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, huoza mapema kuliko mengine.

Alumini nayo huungana na oksijeni, lakini utando unaotokea hushikamana na kuifunika isiendelee kuliwa. Kutu ya chuma haina wema huo. Ina vinyweleo, inanyonya maji kama sifongo na kuyashikilia kwenye bati, na inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Nafasi hiyo ndiyo inayoinua rangi na kupanua maungio ya mabati mawili mpaka yanaachana.

Watengenezaji walianza kupaka bodi zinki ili iliwe kabla ya chuma. Porsche walianza katikati ya miaka ya 1970, na Audi 80 ya mwaka 1986 ilitoka na bodi nzima yenye zinki. Kama gari lako ni la aina hiyo, usilikwangue zaidi ya panapohitajika: grainda ikishaondoa zinki, hakuna dawa ya kopo itakayoirudisha jinsi kiwanda kilivyoiweka.

Ukaguzi: nusu ya kazi iko hapa

Osha gari lote, chini pia, kisha liache likauke kabisa. Tafuta tochi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa ambayo si kali sana, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa ili isikwaruze, na chaki. Ingia kwenye ovaroli, maana utalala chini.

Anza na milango, kwa sababu ndiyo inayofundisha haraka jinsi gari linavyooza. Watu wengi hudhani raba iliyo kwenye mdomo wa kioo huzuia maji yote. Haizuii, wala haikutengenezwa kwa hesabu hiyo. Maji ya mvua hupita kando ya kioo, hushuka ndani ya mlango na hutoka kupitia vitundu vilivyoko kwenye ukingo wa chini kabisa. Fungua mlango, piga magoti, utazame ukingo huo: utaona bati la nje limekunjwa na kulikumbatia bati la ndani, na katikati ya mkunjo huo kuna upenyo mwembamba. Vumbi na vipande vya majani vikishuka na maji hugeuka tope, tope huziba vitundu, na maji huanza kulala ndani ya mkunjo. Chomeka kijiti au waya laini kwenye kila kitundu. Kikitoka na tope jeusi, mlango huo umekuwa ukihifadhi maji, hata kama rangi yake bado ni safi.

Kutoka hapo nenda kwenye vizingiti, yaani zile boksi ndefu za bati zinazopita chini ya milango. Hivi hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya bodi, viko wazi ndani, na hupokea maji kutoka kila upande. Gonga kwa mpini wa bisibisi toka mwanzo hadi mwisho na usikilize. Bati zima hulia kwa sauti kavu ya juu. Lililooza au lililojaa puti, ule mchanganyiko mzito wa kujazia mabonde ya bati, hutoa sauti nzito, iliyokufa. Sehemu za kuwekea jeki zikaguliwe kwa makini ya pekee, kwani gari likiwahi kuinuliwa vibaya bati lake limepinda, rangi imepasuka, na maji yamepata mlango.

Toa mazulia ya ndani, usiyainue pembe tu. Chini yake huwa kuna sponji inayoweza kukaa na maji kwa miezi bila juu kuonekana pamelowa. Ukikuta unyevu, tambua chanzo chake. Maji safi upande wa abiria wa mbele mara nyingi hutokana na mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi ulioziba. Maji yanayoteleza na kunuka utamutamu ni ya radieta ndogo ya hita. Maji yanayokuja baada ya mvua tu yatafutwe kwenye raba ya kioo cha mbele, kwenye mifereji ya dirisha la paa kama lipo, na kwenye lile birika lililo chini ya waipa, ambako majani makavu hujikusanya na kuziba njia ya maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi huku mwingine akimwaga maji polepole kwa mpira, akianzia chini kupanda juu. Ukianza juu utalowesha kila kitu na hutajua penye kosa.

Kwenye buti, toa tairi la akiba na uangalie shimo lake. Ndani ya injini, angalia kitako cha betri na mahali shokapu za mbele zinapofungwa juu. Chini ya gari, pitia mihimili mikuu, mahali mikono ya saspensheni inaposhikilia, mikanda inayobeba tangi la mafuta, na mabomba ya breki kwa urefu wake wote. Nyuma ya matairi, ingiza vidole juu ya ukingo wa fenda kwa ndani; mara nyingi kuna rafu ndogo ya bati hapo, imejaa udongo ambao haujawahi kutolewa tangu gari liwe jipya.

Kila unapopita, pitisha sumaku. Ikishika kwa nguvu huku na kuteleza pale, chini ya rangi pana puti. Puti siyo dhambi, huenda gari liligongwa na kunyooshwa vizuri tu. Lakini puti kwenye kizingiti au chini ya fenda kwa kawaida imefunika tundu. Weka alama ya chaki kila mahali na upige picha.

Kupanga kutu kwa daraja

Kutu ya juu juu ni ile ya rangi ya chungwa iliyokaa kwenye bati ambalo bado ni laini na gumu. Hii ni yako, uitengeneze mwenyewe bila hofu. Kutu iliyochimba imeacha vishimo na magamba, ila bisibisi ukiikandamiza haipiti. Nayo unaiweza, kwa subira zaidi. Kutu iliyotoboa, bisibisi inazama au bati linavunjika kama ganda, haina dawa ya kupaka. Hapo panakatwa na kuchomelewa bati jipya.

Kuna sehemu ambazo hata kutu ya daraja la pili uionyeshe kwa fundi mwenye uzoefu kabla ya kuigusa: vizingiti, mihimili mikuu, sehemu za kufungia saspensheni na stelingi, mahali mikanda ya kiti na viti vyenyewe vinapofungwa, na mabomba ya breki. Bomba la breki lenye magamba halisuguliwi wala kupakwa rangi. Linabadilishwa. Kulisugua ni kupunguza unene wa bomba linalobeba shinikizo kubwa kila unapokanyaga pedali.

Na yule atakayekwambia tundu la kizingiti linaweza kuzibwa kwa wavu, gundi na puti, mwache na ushauri wake. Litaonekana zuri siku ya kuuza gari. Siku ya ajali, kizingiti hicho hakitabeba kitu.

Kabla ya kuwasha grainda

Chomoa waya hasi wa betri. Gari likiinuliwa, liweke juu ya stendi kwenye ardhi ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vigingi. Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake. Vaa miwani inayoziba pembeni, maana nyaya za brashi ya grainda huchomoka na kuruka kwa kasi ya kutisha. Vaa barakoa ya vumbi inayobana usoni. Rangi za magari ya zamani zinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo palipo na rangi nyingi ya kuondoa, sugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na usiruhusu watoto kuchezea mahali hapo kabla hujasafisha.

Karibu na tangi la mafuta na mabomba yake, acha grainda kabisa. Tumia brashi ya mkono. Cheche moja inatosha.

Kutengeneza doa, hatua kwa hatua

Tuchukue doa la ukubwa wa kiganja kwenye fenda, kutu iliyochimba kidogo, bati halijatoboka.

Osha kwa maji ya sabuni, suuza, kausha, kisha futa kwa kitambaa safi chenye kiondoa mafuta au spiriti. Hatua hii hufanywa kabla ya msasa, si baada yake tu. Ukisugua juu ya nta na mafuta, msasa huyasukuma ndani ya mikwaruzo na rangi mpya haitashika.

Zungushia tepu ya karatasi mbali kidogo na doa, ufunike sehemu nyingine kwa magazeti au nailoni. Kisha sugua kwa msasa namba 80 mpaka bati jeupe lionekane, na uendelee sentimita 2 hadi 3 kupita mwisho wa kutu unayoiona. Karibu kila mara utakuta kutu imetambaa chini ya rangi iliyoonekana nzima. Usisimame pale macho yanaporidhika. Simama pale rangi ya zamani inaposhikilia bati kiasi kwamba ukucha hauwezi kuiinua.

Hapa ndipo wengi hudanganyika na brashi ya waya. Ikizungushwa kwa kasi hung'arisha kutu badala ya kuiondoa. Doa hupata rangi ya shaba nyeusi inayometa, mwenye gari akadhani ameshafika kwenye chuma. Lisogeze jicho karibu chini ya tochi: utaona nukta nyeusi ndani ya vishimo. Hizo ni kutu hai. Zichokonoe kwa ncha ya chuma, sugua kwa msasa uliokunjwa kwenye ncha ya kijiti, au kama kuna mtu mwenye mashine ya kupuliza mchanga karibu nawe, mpe kazi hiyo. Mchanga mwembamba huingia kwenye vishimo kuliko kitu kingine chochote, ingawa kwenye mabati mapana yaliyo bapa uangaliwe, usije ukalipinda bati.

Zitakazobaki ndiyo kazi ya dawa ya kutu. Nyingi zina asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, au tanini, ambayo huigeuza kuwa utando mweusi wenye usamawati. Zote zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana na bati. Ukizipaka juu ya magamba, zitageuza ngozi ya juu na kuacha kutu mbichi chini yake, nawe utaamini umepona. Paka kwa brashi, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, vaa glavu. Zile zenye asidi nyingi hutakiwa kuoshwa baada ya kazi. Soma maelekezo, kwani mabaki ya asidi huzuia praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayotangulia, isishike. Kwenye bati lenye zinki, asidi hiyo hula zinki pia, basi itumie kwa uangalifu pale tu palipo na kutu.

Kausha mara moja, kwa kikausha nywele au bunduki ya hewa moto kwa mbali. Bati tupu halisubiri. Kwenye hewa yenye unyevu linaweza kuanza kubadilika rangi ndani ya saa chache, na alama ya kidole chenye jasho huweza kuonekana kesho yake ikiwa ya chungwa. Kwa hiyo panga siku: kazi iliyoanza na msasa asubuhi iishie na praima kabla ya jua kuzama. Kama mvua inanukia, ahirisha.

Praima ya kwanza kwenye chuma kitupu iwe ya epoksi ya kopo mbili, ile unayochanganya na kigumu chake. Hushika chuma vizuri na haipitishi maji kirahisi. Praima ya kawaida ya kujazia mikwaruzo, ile ya kijivu ya bei rahisi, ina vinyweleo. Gari likiachwa na praima hiyo peke yake nje kwa wiki kadhaa, unyevu hupita mpaka kwenye bati na kutu huanza chini ya kazi yako mpya. Magari mengi yanayoendeshwa na mabaka ya kijivu yakisubiri pesa ya rangi yanaozea humo.

Kama kuna bonde la kujaza, puti iwekwe juu ya epoksi iliyosuguliwa kidogo kwa msasa namba 120 au 180, kwa tabaka nyembamba. Puti hunyonya maji, hivyo isuguliwe kavu, isiguswe na msasa wa maji mpaka ifunikwe na praima. Endelea na praima ya kujazia, sugua kwa namba 320 hadi 400, na kingo za rangi ya zamani uzilainishe mpaka kidole, macho yakiwa yamefumbwa, kisihisi ngazi. Kabla ya rangi yenyewe, malizia kwa 500 au 600, futa vumbi na mafuta.

Namba ya rangi ya gari lako iko kwenye kibati cha kiwandani, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Hata ukiwa nayo, gari lililokaa juani miaka mingi halitafanana na rangi mpya sawasawa, basi usikate rangi katikati ya bati bapa. Ipeleke mpaka kwenye ukingo au mstari wa bodi. Puliza tabaka nyembamba mbili au tatu, ukiacha kila moja ikauke kiasi kinachosemwa kwenye kopo, halafu klia, yaani tabaka angavu la mwisho. Bati lisiwe la moto la jua kali, wala lisiwe baridi lenye umande. Nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi ni salama kwa rangi nyingi. Angalizo moja la afya: rangi na klia nyingi za kopo mbili zina isosayaneti, ambayo huharibu mapafu na barakoa ya vumbi haiizuii. Kama huna kifaa cha kupumulia hewa safi na mahali maalumu, kazi hiyo mpe mwenye navyo.

Bati likiwa limetoboka

Kuchomelea ni kazi ya fundi, ila mwenye gari anayejua cha kuuliza hupata kazi tofauti na anayeuliza bei tu. Muulize atakata mpaka wapi. Jibu sahihi ni mpaka kwenye bati safi. Kiraka kilichobandikwa juu ya bati bovu huacha mfuko kati ya mabati mawili, na mfuko huo ni nyumba ya maji. Muulize kama atalinganisha kingo na kingo au atalaza bati juu ya bati. Kwenye kizingiti au sakafu kulaza hukubalika wakati mwingine, mradi kati yake pawekwe praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa na ukingo uzibwe kwa silanti, ile gundi laini ya kuziba maungio, baadaye. Hakikisha mazulia na sponji vimetolewa, betri imechomolewa, kizima moto kiko karibu, na mpako wa lami umekwanguliwa mbali na mahali pa moto, kwani huwaka.

Swali linalosahaulika zaidi ni la upande wa nyuma. Joto la kuchomelea huunguza rangi na kinga yote iliyo ndani ya boksi, na hapo ndipo hakuna mkono unaofika. Kiraka kizuri kisichotiwa nta kwa ndani huanza kuoza tangu kinapopoa.

Chini ya gari na ndani ya boksi

Tabia ya kupuliza lami nyeusi chini ya gari kuukuu na kuliita limekingwa imeua magari mengi kuliko mawe ya barabarani. Lami inapozeeka hukakamaa na kupasuka. Maji huingia kwenye ufa, hutambaa kati ya lami na bati, na hayatoki tena. Unapokagua, chokoa lami ya zamani kila mahali; inayobanduka kwa vipande iondoe yote, iliyoshika kwa nguvu iache.

Baada ya kuosha, liache gari likauke siku nzima au mbili mahali penye upepo. Kwangua, tibu kutu kama tulivyofanya kwenye doa, paka epoksi, kisha ziba maungio ya mabati kwa silanti ya poliyurethani. Usitumie silikoni ya bafuni: nyingi hutoa asidi zinapokauka, na hakuna rangi inayoishika. Juu yake weka mpako usiokakamaa, wenye asili ya nta au lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), ambao hujiponya ukikwaruzwa. Funika diski na ngoma za breki, ekzosi, raba za saspensheni na soketi za umeme kabla ya kupuliza.

Kisha zamu ya boksi: vizingiti, mihimili, milango, boneti na mfuniko wa buti kwa ndani. Hizi hutiwa nta maalumu nyepesi kwa mpira mrefu mwembamba wenye ncha inayopuliza pande zote. Viwanda huacha matundu yenye vifuniko vya plastiki ambamo unaweza kuingiza mpira huo. Vitafute kabla hujafikiria kutoboa. Pasha kopo kwenye maji ya uvuguvugu ili nta itiririke, ingiza mpira mpaka mwisho, kisha uvute polepole huku ukipuliza, ili ukuta wote upate. Nta iliyotosha huanza kudondoka kwenye vitundu vya maji chini. Iache idondoke mpaka ikome, halafu rudi na kijiti kile cha mwanzo uvifungue vitundu kimoja kimoja. Nta ikivifunga, umetengeneza tangi.

Vipi kuhusu oili chafu ya injini? Watu wameitumia miaka na miaka, na ni kweli mafuta huzuia maji. Lakini oili iliyotumika ina asidi na mabaki ya moto, huvimbisha raba, inaweza kusababisha saratani ya ngozi kwa anayeishika mara kwa mara, na kila tone linaishia kwenye udongo na maji. Mafuta safi yenye lanolini hufanya kazi ileile, na hutambaa vizuri zaidi kwenye maungio.

Vile visanduku vya umeme vinavyouzwa kuzuia kutu kwa kuunganishwa na betri, okoa pesa yako. Njia hiyo ya umeme hulinda meli na mabomba yaliyozikwa, kwa sababu yamezungukwa na maji au udongo wenye unyevu unaokamilisha mzunguko. Gari liko hewani.

Mazoea yanayolinda

Osha chini ya gari kwa maji baridi mengi kila linapotoka kwenye matope, maji ya bahari au barabara yenye chumvi, ukilenga ndani ya fenda na juu ya mihimili. Mashine ya msukumo mkubwa itumike kwa mbali. Ikisogezwa karibu hupenyeza maji kwenye maungio na kubandua mpako.

Toa majani kwenye birika la waipa kila unapofungua boneti. Unga mweupe wa chumvi kwenye kitako cha betri uoshe kwa bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa kwenye maji, suuza, kausha, upake grisi. Jeraha la jiwe kwenye boneti lizibwe wiki hiyohiyo, hata kwa brashi ndogo na rangi isiyofanana kabisa. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikifungwa moja kwa moja kwenye bati la kawaida hulifanya bati lioze kuizunguka, hivyo weka washa ya plastiki au nta.

Turubai la nailoni lililofunikwa juu ya gari lenye unyevu ni jambo baya, na gereji yenye joto isiyopitisha hewa si bora kuliko hapo. Gari lililolowa linakauka haraka zaidi chini ya paa lililo wazi pande zote.

Nta ya ndani ya boksi iangaliwe kila mwaka na kuongezwa palipopungua. Siku hiyo hiyo toa zile picha za kwanza, ulinganishe kila doa ulilolitengeneza, na ugonge tena vizingiti.

Kuna wakati hesabu inakataa. Mahali shokapu zinapofungwa pakiwa pamelegea pande zote mbili, mihimili mikuu inavunjika kwa bisibisi, na milango haifungi sawa gari likiinuliwa kwa jeki, bodi imekwisha nguvu na kiraka hakina pa kushikia. Hapo vua vipuri vizuri, viweke pakavu, utafute bodi nyingine ya toleo hilohilo iliyokaa mahali pakavu, hata kama injini yake imekufa.